Herufi Ndogo Niliyoifuta

Kalamba, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Nduku, uliyebeba jina la mama yangu,

Mambo ya blanketi, sabuni, vyeti vya shule na sanduku la posta mama yako amekwisha kuyasema, tena mara mbili, nami sina la kuongeza hapo. Mmekwenda pamoja kuwaaga wajomba zako, na nyumba imetulia. Nimeketi kwenye meza ninaposahihishia madaftari, dirisha likiwa wazi kuelekea shamba la mbaazi, na nimejipa kazi ya kukuandikia kabla hamjarudi. Nimechoka, Nduku. Uchovu wa ualimu naujua na nimeuzoea. Huu ni uchovu wa mtu aliyebeba mzigo kwa mkono mmoja kwa miaka ishirini na mmoja, akiogopa kuuhamishia mkono wa pili watu wasije wakauona.

Jumapili iliyopita, kanisa lilipokuombea safari ya chuo, uliombwa useme neno. Ulisimama mbele, mikono nyuma kama ninavyowafundisha wanakwaya, ukasema: "Kila kitu ninachokijua cha muziki nilifundishwa na baba, na baba hajawahi kunifundisha kosa." Watu walipiga makofi. Mama yako alijifuta macho. Mimi nilitazama sakafu, na nilipoinua uso nikamwona shangazi yako Mutheu, dada yangu, kwenye benchi la nyuma upande wa akina mama. Hakupiga makofi wala hakukunja uso. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake.

Jioni ile ile uliniomba kitabu changu cha solfa, kile chenye jalada jeusi. Nilikupa kwa sababu sikupata neno la kukunyima. Sasa kimo ndani ya sanduku lako, na ndani yake kuna korasi ya Handel niliyoinakili kwa mkono wangu. Kabla muhula wa kwanza haujaisha, mwalimu wako wa nadharia ya muziki ataandika ubaoni herufi mbili, moja ndogo na moja kubwa, nawe utakifungua kitabu changu ukaone kwamba ile ndogo haipo. Utajua kwamba baba yako alifundisha kosa. Yaliyofuata baada ya kosa hutayajua, kwa maana hayakuandikwa popote. Ndiyo sababu ya barua hii. Nataka uyasikie kwangu kwanza, hata kama baada ya hapo hutanitazama tena kama ulivyonitazama Jumapili.

Mwalimu wangu wa shule ya kati alikuwa na ngazi ya solfa, karatasi ndefu iliyobandikwa juu ya kitambaa na kutundikwa ukutani: do chini, kisha re, mi, fa, so, la, ti, na do nyingine juu. Alitupandisha na kutushusha kwa fimbo yake mpaka tukaweza kuruka kutoka do hadi la bila kutetereka. Kulia na kushoto mwa ngazi ile palikuwa na safu nyingine za herufi, ndogo zaidi. Fimbo yake haikuzigusa hata siku moja, nami sikumwuliza ni za nini. Nilikuwa mtoto hodari, na mtoto hodari hugundua mapema kwamba sifa huja kwa majibu, na kwamba anayeuliza amekiri mbele ya wenzake kuwa hajui. Nilitoka shule ile nikiwa na ngazi ya katikati tu.

Nilipopewa kazi hapa Kalamba, hakuna mtu kati ya hapa na Sultan Hamud aliyejua muziki kunishinda, na sababu yake ilikuwa rahisi: hapakuwa na mtu wa kunipima. Niliwafundisha watu mapigo matatu na mapigo manne. Niliwaambia kwamba penye pumziko hawajapewa nafasi ya kukohoa. Wanapaswa kuhesabu kimya, kwa sababu ukimya nao una muda wake. Niliwaandikia forte penye nguvu na piano penye upole. Niliwasimulia pia habari za watunzi wakubwa, nilizozisoma katika kitabu chakavu cha misheni: Mozart aliyetembezwa na baba yake mbele ya wafalme akiwa bado mtoto mdogo, Haydn aliyevaa sare ya mtumishi katika nyumba ya bwana mkubwa, na Bach, ambaye kwa miaka miwili nilimwita "Bachi" mbele ya hadhara bila wasiwasi wowote, mpaka bibi mmoja wa misheni aliponivuta kando na kunisahihisha kwa sauti ya chini.

Bach ndiye niliyempenda kuliko wote. Kitabu kilisema kwamba katika ujana wake alikwenda kwa miguu, siku nyingi za njia, kumsikiliza mpiga kinanda mmoja mzee. Aliomba ruhusa ya majuma manne, akakaa karibu miezi minne, na aliporudi wakubwa wa kanisa wakamkaripia. Nilizoea kuisimulia hadithi hiyo kama mfano wa bidii, na bidii nilikuwa nayo: mimi pia nilikwenda kwa miguu hadi Sultan Hamud kuchukua karatasi za nyimbo zilizoletwa kwa gari la moshi. Leo naisoma kwa namna nyingine. Kijana yule alijua kwamba kuna jambo asilolijua. Mimi nilifuata karatasi.

Mwaka wa tatu baada ya Uhuru, kwaya yetu ya watu wazima iliandikishwa katika mashindano ya wilaya kule Machakos. Wimbo wa lazima ulikuwa ile korasi ya Handel, maneno yake yakiwa yametafsiriwa. Karatasi zilikuwa za solfa, zimepigwa chapa kwa stensili, zimejaa madoa ya wino. Nilipoketi kuinakili kwenye kitabu cheusi ili niihamishie ubaoni, nilikuta katikati ya wimbo jambo la ajabu: herufi ya do, na juu yake upande wa kushoto so ndogo sana, imeng'ang'ania kama mtoto mgongoni. Juu ya mstari palikuwa na jina la ufunguo mwingine, nalo nikalichukulia kuwa maagizo ya mpiga piano. Kuhusu ile so ndogo nilijieleza hivi: mpiga chapa alianza kuandika so, akagundua amekosea, akaandika do. Kwa unadhifu wangu nikaisafisha. Nikaandika do peke yake katika sauti zote nne, soprano, alto, tenori na besi. Mbele zaidi palikuwa na herufi nyingine ya namna ile, nikaisafisha pia.

Utakachofundishwa ni hiki. Herufi ile huitwa noti ya daraja. Inamwambia mwimbaji: sauti uliyo nayo sasa ni so; ishike hapo hapo ilipo, lakini kuanzia sasa iite do, na wimbo mzima uhamie huko pamoja nawe. Ndivyo solfa inavyohama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Mtu akiifuta, waimbaji hurudi kwenye do ya zamani na kuendelea huko, sauti zote nne zikipatana vizuri zenyewe kwa zenyewe, wala hawajui kwamba wimbo umewaacha. Kalamba hatukuwa na piano. Hapakuwa na chombo cha kutukanusha.

Palikuwa na Mutheu tu.

Shangazi yako aliishia darasa la tatu. Wakati ule alikuwa akifua nguo na kupiga pasi katika nyumba ya misheni, na pale palikuwa na santuri ya korasi ile ile, ikipigwa karibu kila Jumapili baada ya chakula. Kwangu mimi kwaya haikuruhusiwa kugusa maneno mpaka solfa ikae vifuani, kwa hiyo kwa majuma matatu tuliimba herufi tu. Mutheu aliwafuata wenzake kwa masikio, na kila tulipofika pale katikati, alto moja ilikwenda juu peke yake. Siku ya tatu nikasimamisha kwaya.

"Kuna mtu kwenye alto anaimba wimbo wake," nikasema. "Ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu." Ndani ya kwaya hakuwahi kuniita kwa jina.

"Unaimba nini?"

"Ninaimba vile inaendanga. Hapo inapanda."

"Inapanda wapi? Soma ubao."

"Ubao mimi sijui. Lakini ile ya santuri inapanda, Mwalimu. Hata ukiwa jikoni unasikia imepanda."

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nikasema, "Basi tumpishe bibi wa jikoni atufundishe Handel." Muli, fundi wa baiskeli aliyeongoza besi, akadakia: "Mwalimu, mvuke wa pasi umemwingia masikioni!" Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mutheu alingoja kiishe.

"Jaribu tu mara moja," akaniambia. "Mara moja tu, uone."

Nduku, ingechukua dakika moja. Ningewaambia washike ile so, waiite do, waendelee. Masikio ya watu arobaini yangejua papo hapo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeshika fimbo, na aliyekuwa akiniambia ni dada yangu mdogo anayefua nguo za watu. Nikamwambia airudishe sketi ya kwaya, aikabidhi kwa mama, na asirudi mpaka ajifunze kutii ubao. Sketi ile aliishona mwenyewe. Aliipeleka kwa mama jioni ile ile, imefuliwa, imepigwa pasi.

Majuma machache baadaye tukapanda lori kwenda Machakos. Ukumbi ulijaa. Mpiga piano alikuwa wa mashindano, hatukuwa tumemwona kabla. Tulianza vizuri, kwa nidhamu ambayo hata leo naikumbuka kwa fahari, nikijua kwamba sistahili fahari hiyo. Tulipofika pale katikati piano ilipanda, nasi tukabaki. Nilidhani mpiga piano amefunua ukurasa usio wake, nikamkazia macho. Yeye aliniangalia kwa huruma, na vidole vyake vikaendelea. Kurasa mbili tuliimba hivyo, yeye huko na sisi huku. Kisha, penye ile herufi ya pili niliyoifuta, piano ikashuka ikatukuta, tukamaliza pamoja kwa mapatano kamili, na hapo ndipo ukumbi uliposhindwa kujizuia. Mwamuzi alikuwa mtu wa adabu. Alisema kwamba kwaya ya Kalamba imeimba kwa moyo mmoja, na kwamba piano nayo imepiga vizuri, ila angependa siku moja kuzikutanisha.

Lori lilikwenda mpaka tukaiacha lami. Ndipo Muli akasema, "Mimi nafikiri piano ya Machakos ni mgonjwa." Watu wakacheka kidogo, cheko la watu wanaotaka kusaidiwa. Mama mmoja wa soprano akaniuliza, kwa upole, "Lakini Mwalimu, ni nini kilitupata?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Lingekuwa jibu la kweli. Badala yake nilisema: "Alto ziliharibiwa mapema. Sikio likishatiwa mashaka, halitulii tena."

Sikutaja jina. Sikuhitaji kutaja. Kufika Kalamba habari ilikuwa imekamilika: Mutheu, kwa kiburi cha kuishi karibu na wazungu, ameiharibia kwaya wimbo. Wazee wa kanisa walimwita na kumshauri kuhusu unyenyekevu. Mimi nilikuwapo katika kikao kile, nikiandika kumbukumbu.

Tangu siku hiyo Mutheu hajaimba. Sisemi hajaimba katika kwaya, hajaimba popote. Ulipokuwa mchanga alikubeba mgongoni siku nyingi mama yako alipokuwa shambani, naye alikutuliza kwa kukupigapiga, mapigo manne sawasawa, bila sauti. Bibi yako alipokuwa kitandani katika ugonjwa wake wa mwisho, tulikuwa tukimwimbia jioni, na siku moja akanishika mkono akaniuliza, "Mbona Mutheu haimbi?" Nilimjibu, "Muulize mwenyewe, mama." Hilo ndilo jibu nililompa mama yangu. Siku tuliyomzika, wimbo ulipoinuliwa kaburini, nilimtazama dada yangu ng'ambo ya shimo. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa, na machozi yalikuwa yakishuka kukizunguka.

Ungeweza kuniambia kwamba sikujua. Ningependa sana kuishia hapo. Lakini mwaka uliozaliwa wewe nilikwenda kwenye mafunzo ya walimu wa muziki, wakati wa likizo. Mkufunzi alikuwa kijana kutoka Murang'a, mdogo kuliko mimi. Siku ya pili akaandika ubaoni do, na juu yake kushoto so ndogo, akauliza nani anaijua. Sikuinua mkono. Alipoeleza, niliinama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, nikabaki huko chini mpaka uso wangu ukapoa. Mwalimu mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Kumbe ni rahisi hivi!" Nikamwambia ndiyo, ni rahisi.

Nilirudi nyumbani nikijua. Tangu hapo nimefundisha noti ya daraja miaka yote, wewe ukiwa mmoja wa wanafunzi wangu, ingawa kwako nilipita haraka na kukuambia utaielewa vizuri chuoni. Ukurasa wa kitabu cheusi sikuusahihisha. Kuusahihisha kungekuwa kukiri, na kuuchana kungekuwa kukiri pia, basi nikauacha kama ulivyo na nikaacha kuufungua. Mwanzoni nilisema nitamwambia Mutheu nikipata wakati mzuri. Kisha nikafanywa kiongozi wa kwaya za kanisa lote la eneo hili, na wakati mzuri ukawa mgumu zaidi kupatikana. Kisha mama akafa. Niliwafundisha watu kwamba penye pumziko mwimbaji anahesabu. Mimi sikuwa nikihesabu. Nilikuwa nimenyamaza tu.

Umewahi kunisikia nikiwasimulia wanafunzi habari za Beethoven, jinsi alivyoendelea kutunga akiwa kiziwi. Huwa natulia kidogo baada ya kuisema, ili iwaingie. Wanadhani ninamstaajabia. Ukweli ni kwamba kila mara namkumbuka msichana aliyeniambia "mara moja tu, uone," mimi nikiwa na masikio mawili mazima.

Na baba yake Handel, kitabu kile kilisema, alitaka mwanawe awe mwanasheria, akamkataza vinanda. Mama yako ananitania kwamba mimi ni kinyume chake: nilikutia muziki kabla hujaota meno. Naomba ujiulize ukiwa mbali kama muziki ni wako au ni wangu. Ukiona ni wangu, uuache bila kunionea aibu. Nimekwisha kuona jinsi mtu anavyoweza kuliharibu jambo zuri kwa kulishikilia kama mali yake.

Hapa niliweka kalamu chini, Nduku, na sasa naichukua tena, jua likiwa limeshuka. Nilipoisoma tena barua hii niliona kwamba nilikuwa nakufanyia jambo baya. Nilikuwa nakukabidhi wewe, mtoto wa miaka kumi na tisa, siri ya kubeba hadi Nairobi, ilhali mwenyewe wa habari hii anaishi ng'ambo ya kijito, mwendo wa robo saa. Nikavaa viatu nikaenda.

Nilimkuta uani akipura ndengu, maganda yamerundikwa juu ya turubai, fimbo mkononi.

"Karibu, Mwalimu," akasema bila kusimama. "Nduku ameenda?"

"Ni kesho asubuhi."

"Na wewe unataka nini? Hujawahi kuja kwangu na viatu vya shule."

"Nimekuja kukuambia habari ya Machakos."

"Machakos ni kubwa."

"Ile korasi, Mutheu. Wewe ulikuwa ukiimba sawa. Ubao ndio uliokuwa na kosa. Niliuandika vibaya mimi."

Fimbo ilishuka mara mbili zaidi, kisha ikasimama.

"Umejua lini?"

Katika maswali yote niliyojitayarishia njiani, hilo halikuwamo. "Ni miaka kumi na tisa sasa," nikasema.

Alikaa chini pembeni ya turubai. "Kumi na tisa," akasema. "Mimi nilifikiri umejua leo. Nilikuwa nimeanza kukuhurumia."

Aliniambia kwamba alijua siku ile ile, kwa sababu Muli alimsimulia piano ilipopandia, na yeye akatambua ni pale pale pake. "Nikangoja," akasema. "Nikasema, huyu ni mtu wa vitabu, atajua, na akijua atakuja. Nikangoja mwaka huo. Nikangoja nikiolewa. Mama akaenda, nikasema, sasa atakuja, hata kama ni kwa sababu ya mama."

Baadaye akaniuliza kile kilichofutwa kilikuwa kitu gani. Nikachora kwa kidole vumbini, do kubwa na so ndogo kando yake, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe.

"Na wewe ulifikiri ni nini?"

"Nilifikiri ni mpiga chapa aliyekosea."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na sijui kama yote yaliyofutwa yalikuwa ya kicheko. "Kumbe hata hiyo so ndogo uliifukuza!" akasema.

Ndipo nikaanza kumwomba msamaha. Unanijua, nilianza kwa sentensi zilizopangwa, kama ninavyozungumza mbele ya watu. Akaniinulia mkono.

"Hapana. Hayo maneno mazuri usiyamalizie hapa. Ulinifukuza mbele ya watu arobaini. Huwezi kunirudisha mbele ya ndengu."

"Unataka nifanye nini?"

"Jumapili. Simama hapo mbele, mahali unasimamanga, useme vile umesema hapa. Na ile ya lori pia, useme."

"Wataniuliza kwa nini nimenyamaza miaka yote hii."

"Watauliza. Uwajibu."

"Nawe utakuwapo?"

"Nikimaliza ndengu," akasema, akainuka na kuendelea kupura.

Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sitakuambia kwamba alisema hivyo. Huenda wazee wakaniondolea kwaya, na wakifanya hivyo watakuwa na haki. Huenda Muli, ambaye sasa ni babu, akakumbuka utani wake na kuumia. Wewe utakuwa chuoni, huku hutakuwapo, na jambo hilo linanipunguzia aibu na kuniongezea upweke kwa kipimo kile kile. Sikuombi uniandikie upesi. Ukitaka kukasirika, kasirika kwanza; una sababu, na shangazi yako anazo zaidi. Ukipata likizo, mtembelee yeye kabla ya kufika hapa.

Nilipokuwa nikirudi nilikutana njiani na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akitoka kunywesha ng'ombe. Nikaona nikiahirisha hata hadi kesho nitaahirisha tena hadi uzee. Nikamwomba dakika tano Jumapili, kabla ya mahubiri.

"Ni tangazo la kwaya, Mwalimu?"

"Ni habari ya dada yangu, Mutheu."

Akasimama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mutheu amefanya nini tena?"

"Hakufanya kitu," nikamwambia. "Hakuwahi kufanya kitu. Kwenye ratiba, andika jina langu."

Mimi baba yako,
Mwalimu Musyoka